Dootsie ni Nani?

Zilikuwa zimebaki dakika ishirini kufika saa kumi na moja jioni, saa ya mwisho ya kupokea maombi, Bi. Gaither, karani wa ofisi ya ufadhili, alipoisukuma barua mezani kuelekea kwa Earlene Tolbert na bintiye.

"Mchungaji amemsifu Dootsie kurasa mbili nzima," alisema. "Dootsie ni nani?"

"Ni mimi," Verlencia alijibu kwa sauti ndogo.

"Binti, hata paka wangu ana jina la serikali. Aliyeomba ufadhili wa chama cha mawakili weusi hapa ni Verlencia Tolbert, na huyo sina barua yake. Mchungaji aandike upya."

"Tulimzika Jumamosi," Earlene alisema.

Kanisani kwao, mjini Macon, hakuna aliyewahi kumwita mtoto yule kwa jina la cheti. Mchungaji Whitlow alimbatiza, akamfundisha kusimama mbele ya watu na kusema, akafa akimjua kwa jina la Dootsie. Bila ufadhili ule, nafasi yake katika chuo cha sheria ingepewa mwingine Jumatatu.

Bi. Gaither alivua miwani. "Aliyempa jina anaweza kuapa kwa maandishi kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Muhuri ninao."

Verlencia alinyakua kalamu.

"Weka chini. Unataka uwakili, nawe unajitolea ushahidi mwenyewe? Mama aandike, kwa mkono wake."

Earlene aliichukua kalamu. Kabla ya darasa la watu wazima pale maktaba, sahihi yake ilikuwa alama ya msalaba. Aliandika herufi moja moja, jasho likimtiririka, na alipofika kwenye jina la bintiye akaruka herufi.

"Kiapo hakifutwi, dada. Chukua karatasi nyingine. Dakika sita."

"Mama, nikutajie herufi?"

"Nyamaza. Nilikuzaa bila kutajiwa."

Akaanza upya. Mistari ilipanda na kushuka, lakini jina lilitimia. Muhuri uliuma karatasi. Bi. Gaither alitazama saa, akaliweka faili juu ya mengine, akafunga droo kwa ufunguo.

"Limeingia. Yaliyobaki ni ya kamati."

Nje, kwenye ngazi, vidole vya Earlene vilikuwa bado vimejikunja kana kwamba vimeshika kalamu. Verlencia aliketi kando yake, akawa anavikunjua kimoja kimoja.