Kaseti Moja ya Dakika Tisini

Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga ngoma, kwa hivyo msiniulize kwa nini sikuwazuia. Mtu mwenye vijiti mikononi na kanyagio mguuni atamfukuza nani? Lakini mpaka leo wako watu hapa Isiolo wanaonisema, "Rimberia ndiye aliharibu." Wakome.

Mwaka huo wa sabini na sita, Roble, kiongozi wa bendi yetu, alikuwa ameharibika kichwa. Hivyo ndivyo mji ulivyosema. Zamani alipuliza tarumbeta kwenye harusi zote kutoka Chechelesi hadi Burat, nyimbo tamu, hata nyanya ya mtu aliinuka kucheza. Kisha akaenda Nairobi wiki mbili, akarudi na kanyagio la umeme na maneno mapya. Kuimba basi. Sasa ilikuwa gitaa za umeme, ngoma mbio mbio, na yeye anapuliza noti tatu halafu ananyamaza. Ananyamaza mpaka unadhani ameenda kuswali. Akilikanyaga lile kanyagio, tarumbeta linalia kama ngamia aliyenyimwa chumvi. Watu walikuwa wakitoka ukumbini kabla sijatoa jasho.

Ami yake, Mzee Elmi, mwenye malori mawili ya kwenda Moyale, alimpa mwezi mmoja. "Utafute mtu wa kununua huo upepo wako, ama ushike usukani."

Mwenye studio mmoja wa Nairobi alikubali kusikiliza, ila alitaka muziki uliorekodiwa mbele ya watu, na umfikie Jumatatu, siku ya mwisho ya ule mwezi. Tulikuwa na kaseti moja tupu, basi. Jumamosi saa tisa mchana tukaweka redio kaseti yangu mezani mbele ya jukwaa, maikrofoni ikasimamishwa, tukaanza.

Hapo ndipo tulipokosea. Isiolo nzima ilijua kazi moja tu ya kaseti tupu: barua. Mtoto yuko kazini Jeddah, mama hajui kuandika, basi anaongea kwenye kaseti na msafiri anaipeleka. Roble alipuliza noti zake tatu, akanyamaza. Mama Isnino, muuza maziwa, akainuka kutoka kiti cha mbele akainamia maikrofoni.

"Salaam aleikum, mwanangu. Ni mama yako. Yule ngamia mweupe amezaa."

Nikamtolea macho. Akadhani namhimiza, akaendelea mpaka bei ya sukari. Roble alipopuliza tena, mama akangoja kwa adabu amalize, kisha akaendelea na habari za mvua. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Nilidhani Roble atalia. Badala yake akaanza kuwajibu. Mmoja alitangaza kifo, Roble akampulizia pole, taratibu kabisa. Mwingine alimgombeza mumewe, yeye akaukanyaga umeme. Na kwa mara ya kwanza tangu kichwa chake kiharibike, hakuna aliyetoka. Wangetokaje? Kila mtu alikuwa akingoja zamu yake.

Wa mwisho alikuwa Mzee Elmi. "Kaka Warsame, sisi wazima. Hiyo kelele unayosikia nyuma ni Roble. Anaaga. Jumatatu anaanza lori."

Roble akapuliza kitu ambacho sijawahi kusikia, mimi nikasahau kupiga, na kaseti ikaisha.

Tulipomaliza kufunga vyombo, kaseti haikuwapo. Mama Isnino alikuwa ameshampa msafiri, na msafiri ameshaondoka. "Si mlikuwa mmemaliza?" akaniuliza. Niliketi pale pale chini kwa hasira. Jumatatu Roble akapeleka mahindi Moyale.

Miezi minne baadaye ikaja kaseti kutoka Jeddah. Tukajaa uani kwa Mzee Elmi, kila mtu akisubiri jibu lake. Mwana wa Mama Isnino akamshukuru Mungu kwa ngamia, kisha kimya. Kimya kirefu, kaseti inazunguka tu. Nikaigonga redio. Akaja mwingine, akamjibu mkewe, naye akanyamaza vile vile. Ikawa hivyo mpaka kwa Warsame, kaka mkubwa wa Mzee Elmi.

"Elmi, hizo nafasi tumemwachia Roble. Kaseti yenu tumeizoea hivyo, mtu anasema, halafu Roble anasema. Kila Ijumaa tunaisikiliza, na wengine hapa wanalia. Sasa unasema anaaga. Anaenda wapi? Nani atajaza hapa?"

Kikaja kimya kingine. Mzee Elmi akaitazama redio, akamtazama Roble, ambaye mikono yake ilikuwa imejaa grisi kwa sababu kesho yake alikuwa na safari.

"Nenda kalete hicho kitu," akasema.

"Na lori, adeer?" Roble akamuuliza ami yake.

"Nitaendesha mimi."

Roble akanawa, tukarudisha kaseti mwanzo, akapuliza kwenye kila kimya mpaka cha mwisho. Nililia, na sioni haya kusema.

Asubuhi Mzee Elmi, miaka sitini na tano, akavaa miwani akapanda lori. Akitoka aligonga lango lake mwenyewe, likaanguka lote. Roble alikuwa amesimama pale pale, lakini mzee hakumwita ashike usukani.