Mboji Iliyochomwa Moto

Mbuzi wa Mama Abuu alikufa akiwa na mimba. Alikuwa amevimba tumbo, halali, hali, anasaga meno tu. Alipopasuliwa ili ijulikane kilichomuua, tumboni mwake lilitoka donge la vifuko vya nailoni vilivyosokotana, kubwa kuliko kichwa cha mtoto. Wanawake waliokuwepo wakaziba pua kwa ncha za khanga. Mama Abuu hakulia. Aliuliza tu, "Sasa mimi vifuko vyote hivi nilimlisha lini?"

Kila mmoja alijua vilikotoka. Mtaa mzima ulikuwa ukitupa taka korongoni, kule mji wa Newala unakoishia na ardhi kuporomoka kuelekea bonde la Ruvuma. Ukimwaga ndoo yako pale, vizito vinabaki na vyepesi vinapanda tena na upepo, vinakurudia nyumbani kabla hujafunga mlango. Mifuko mikubwa ilishapigwa marufuku zamani, lakini vile vifuko laini vya kufungia karanga na dagaa vilikuwa vinazaliana kama panya.

Jirani wa Mama Abuu alikuwa Mama Flora, jina lake la ubatizo Julia, mwalimu wa shule ya msingi aliyebakiza muda mfupi kustaafu. Mwanamke huyu alikuwa na ugonjwa mmoja: akiona kitu kimekaa vibaya, hawezi kukipita. Alilitazama lile donge, akamtazama Mama Abuu, akasema, "Hapana. Hii lazima iishe."

Na kama ilivyo kwa kila anayesema "hii lazima iishe," kazi ikawa yake.

Alimwomba mumewe, Basil, sehemu ya nyuma ya nyumba, chini ya mikorosho. Yakachimbwa mashimo matatu ya mboji. Kila Jumamosi asubuhi akina mama walikuja na ndoo zao, wa kanisani na wa msikitini, wakamwaga maganda ya mihogo, mabibo yaliyooza, majani na majivu, wakachanganya na samadi ya mbuzi na kugeuza kwa koleo. Kwa kuwa maji ya Newala ni ya kubembeleza, walimwagia yale yaliyokwisha kuoshewa mboga. Pembeni Mama Flora aliweka magunia: la nguo chakavu, zikatwe vipande na kufumwa mazulia ya mlangoni, na la chupa za plastiki, zikatwe na kuoteshewa miche. Mama Abuu, ambaye mikono yake haijui kukaa bure, akawa anafundisha kusuka vikapu vya ukindu ili watu waache kwenda sokoni mikono mitupu na kurudi na vifuko.

Siku ya kwanza mwenyekiti wa mtaa, Bwana Suleimani, alihutubia juu ya usafi mpaka jua likawa kali. Majembe yaliposhikwa, alikumbuka ana msiba.

Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri. Baada ya hapo watu wakagundua kwamba nyuma kwa Mwalimu ni karibu kuliko korongoni.

Mama Flora alianza kukuta nepi. Akakuta betri za tochi, vipande vya sahani, na siku moja kiatu kimoja cha mvua, cha mguu wa kushoto. Alitoa kila kitu kwa mkono huku akisema peke yake kama mgonjwa wa homa. Alipomkamata mwenye nepi, mke wa fundi baiskeli, akiwa na ndoo mkononi, yule binti alimsalimia kwa heshima zote.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Hii nini?"

"Nepi, Mwalimu."

"Naona ni nepi. Nauliza inafanya nini kwenye mboji."

"Si itaoza?"

"Itaoza wewe ukiwa na wajukuu!"

Yule binti akacheka, akadhani ni utani. Jumamosi iliyofuata zilikuwepo nyingine mbili, safari hii zimefunikwa majani vizuri.

Akaandika kibao na kukitundika kwenye mkorosho: MAGANDA NA MAJANI TU. Kibao kikakaa hadi Ijumaa. Jioni akakiona jikoni kwa jirani wa pili, kimepasuliwa kuni, herufi MAJA bado zinasomeka zikingoja kuingia motoni.

"Lakini si ulisema tusitupe kitu?" jirani akamwambia. "Tutumie tena?"

Usiku huo alimwaga moyo wake kwa mumewe. Basil alikuwa mtu mpole, mwenye upole ule unaotia hasira zaidi. Alitafuna muhogo wake taratibu, akameza, akasema, "Mama Flora, unajua wanapaitaje huko nyuma? Jalala la Mwalimu."

"Nani kasema?"

"Wote."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema ndiyo, ni nyuma kwangu, pita kushoto."



Hata hivyo shimo la kwanza lilikomaa. Mama Flora alilifunua asubuhi ya ukungu, baridi inauma vidole, akachota konzi ya mboji. Ilikuwa nyeusi, inapukutika, inanukia mvua ya kwanza. Alisimama pale akiinusa kama mtu anayenusa mtoto mchanga. Furaha ikampa kichwa. Akapiga simu Masasi kwa Bibiana, rafiki yake tangu chuo cha ualimu, ambaye naye alikuwa na kikundi cha akina mama.

"Njooni muone," alisema. "Njooni na hao wenzio. Huku kwetu mambo yamekaa sawa."

Mambo hayakuwa yamekaa sawa, lakini simu ni simu. Wakapanga Jumamosi. Wiki nzima Mama Flora alikesha kwa mawazo. Aliifunika mboji iliyokomaa kwa nyasi na majani makavu ya mkorosho isikauke. Vitambaa vilivyokwisha kukatwa alivifunga gunia zima, tayari wageni wafundishwe kufuma. Aliwaambia akina mama wafike mapema, wawe wamevaa sare, na kwa jina la Mungu mtu asije na nepi.

Siku yenyewe ilipofika alikwenda standi kupokea wageni. Nyumbani akawa amemwachia shemeji yake, Nikolao, mdogo wa Basil, kazi ndogo ya kufagia uwanja.

Nikolao alikuwa mchapakazi. Hilo hakuna aliyembishia, na ndiyo ilikuwa balaa yenyewe. Ukimwambia achote ndoo moja, anachota pipa. Ukimwambia apunguze tawi, kesho hakuna mti. Alifagia uwanja wa mbele, akauona mzuri, akazunguka nyuma. Huko akakuta vichuguu vya majani yaliyooza, nzi, na magunia ya matambara na chupa. Akakumbuka wageni wanatoka Masasi. Akaona aibu kwa niaba ya ukoo. Akaenda kutafuta kiberiti.

Mama Flora aliona moshi kutoka barabarani akiwa na Bibiana na akina mama sita wenye vitenge vya kufanana. Moshi mweusi, mzito, wa plastiki. Alidhani ni kwa jirani. Kisha akadhani ni nyumba yake, akaanza kukimbia, viatu mkononi. Laiti ingekuwa nyumba, alikuja kufikiri baadaye, angalau watu wangemwonea huruma.

Nyuma ya nyumba Nikolao alikuwa amesimama na reki, kifua wazi, masizi usoni, anatabasamu. Alikuwa amefukua mashimo yote matatu, akalundika kila kitu pamoja, mboji iliyokomaa na isiyokomaa, nyasi, magunia ya vitambaa na chupa, akamwagia mafuta ya taa. Juu kulikuwa na miali, chini kunafuka kama tanuri la mkaa.

"Shemeji!" akasema Nikolao. "Umewahi kurudi. Nilitaka ukute kumekwisha."

Sauti ya Mama Flora ilitoka ndogo sana.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nimekuheshimisha. Wageni watoke Masasi waje wakute jalala nyuma kwa kaka yangu? Hata kidogo."

"Hiyo ni mboji, Nikolao."

"Ilikuwa inanuka, shemeji."

"Ni mboji! Ndiyo waliyokuja kuiona!"

Nikolao akaugeukia moto, akawageukia wageni, akaugeukia tena moto. Alionekana akijaribu kwa dhati kuelewa ni kwa nini watu wapande basi kutoka Masasi kuja kutazama uchafu.

"Sasa," akasema polepole, "si mngeniambia?"

Akina mama wa mtaa walikuwa wamefika na sare zao. Mmoja alianza kucheka, akajibana, akashindwa. Mama Abuu alikuwa wa kwanza kukimbilia mchanga, wakasaidiana kuuzima moto, wenyeji na wageni, vitenge vikijaa majivu. Kilichookolewa hakikujaa karai. Mama Flora hakushika hata koleo. Alikaa juu ya jiwe la kufulia akiutazama ule moshi ukishuka taratibu kuelekea bondeni.

Bibiana alikuja kukaa karibu naye, mkubwa, mzito, jiwe zima likawa lake.

"Kwetu walilima juu yake," alisema. "Shimo zima. Mtu kapanda mbaazi kabla halijaoza."

"Usinifariji."

"Sikufariji. Nakuambia mbaazi zilikufa."

Wageni walikula wali na kisamvu, wakashukuru, wakaondoka. Jumamosi iliyofuata akina mama walipofika na ndoo zao, walimkuta Mama Flora amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mimi basi," alisema. "Nimechoka. Nimetoa nepi zenu kwa mikono hii, nimeandika kibao kikapikiwa ugali, na mboji yangu imechomwa na mtu wa nyumbani mwangu. Kila mtu arudi na ndoo yake kwake. Mkitaka, pelekeni korongoni, mbuzi wapo wengi."

Neno la mwisho lilimuuma Mama Abuu, ilionekana. Mama Flora alijua kalisema vibaya, lakini siku ile hakuwa na akiba ya kuomba radhi. Akafunga mlango.

Nikolao, kwa upande wake, alitaka kutengeneza. Hakuja kusema samahani, maana mpaka leo hajaona kosa lake hasa ni lipi. Alikuja alfajiri na jembe, akachimba shimo jipya, refu la kumfika kiunoni, kazi safi kabisa, katikati ya njia ya kwenda chooni. Basil ndiye aliyeligundua, kwa mguu. Alitembea na fimbo kwa muda, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao Mama Flora alimwona akikosa upole. Alishangaa jinsi jambo hilo lilivyomburudisha.

Wiki zikapita. Mama Flora alikuwa akienda shuleni na kurudi bila kutazama kulia wala kushoto. Lakini macho ya mwalimu hayastaafu mapema. Aliona kwamba mke wa fundi baiskeli ana kishimo kando ya migomba yake. Aliona kingine kwa yule jirani wa kibao. Hawakuwa na pa kupeleka, korongoni kuna mwendo na mvua zilikaribia, kwa hiyo kila mmoja alijichimbia nyuma kwake. Na kwa kuwa nepi katika shimo lako mwenyewe inakunukia wewe unapokula, nepi hazikuwemo. Walikuwa wakizifunga na kumpa mwenye trekta la halmashauri linalozoa taka siku lilipopita, jambo ambalo Mama Flora alikuwa amewasihi kulifanya tangu mwanzo mpaka koo likakauka.

Alipiga hesabu ya hasira yake na hakujua aipeleke wapi.

Jumamosi moja alisikia sauti uani kwa Mama Abuu, vicheko na ugomvi wa mkasi. Akachukua kikapu kisichokuwa na kitu, akaenda. Akina mama walikuwa wamekaa mkekani wanakata magauni ya zamani na kufuma mazulia. Alipoingia, wengine waliinua macho. Mama Abuu aliendelea kufuma.

"Mama Abuu," alisema Mama Flora, "lile neno la mbuzi. Nisamehe."

"Karibu ukae," Mama Abuu akajibu bila kuinua macho, "halafu ushike mkasi, maana umechelewa."

Alikaa. Alikata vitambaa mpaka vidole vikamuuma. Mwenyekiti Suleimani alipita, akasimama ukingoni mwa ua, akawapongeza kwa kuitikia mpango wake. Mama Flora akakaza meno.

Baadaye Mama Abuu alimchukua kumwonesha shimo lake. Alikuwa amelichimba mahali pa jua kali, halina tabaka wala mpangilio, maganda mazima mazima, majivu yamemwagwa upande mmoja. Kila kitu kilikuwa kinyume na alivyofundishwa. Mama Flora alishika koleo kwa mazoea, akaanza kugeuza.

"Si hivyo, Mwalimu," Mama Abuu akamzuia. "Unavuruga. Mboji inataka kuachwa."

Mama Flora alihesabu pumzi. Alikuwa na maneno kama mia mbili ya kujibu hilo, na mengine angeweza kuyathibitisha kwa kitabu. Aliinama akachota konzi ya chini, tayari kumwonesha ushahidi.

Ilikuwa nyeusi. Ilikuwa laini. Kusema kweli, ilikuwa nzuri kuliko yake.

"Haya," alisema, akarudisha koleo ukutani kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Haya, Mama Abuu. Tuiache."