Bibi Tep Hapitwi

Chariya alishawahi kuendesha watu wa kila aina kwenda kwenye mahekalu. Wachina wazee waliokoroma njia nzima, maharusi waliogombana kabla hata ya lango la kwanza, mpaka profesa mmoja aliyekuwa anapima kila jiwe kwa viganja vyake. Hakuna hata mmoja aliyemtoa jasho. Lakini asubuhi hiyo, wakiwa ndiyo kwanza wanatoka Siem Reap, mikono yake ilikuwa inateleza kwenye usukani mpaka akaifuta kwenye sketi, kwa sababu kiti cha nyuma alikaa mama wa mchumba wake, Veasna.

Mama Saroeun alikuja kwa basi kutoka Battambang na mdogo wake, Phally. Wazo lilikuwa la Veasna mwenyewe. "Watembeze mahekalu," alimwambia Chariya kwenye simu. "Gari lako, wewe na wao tu, hakuna mgeni mwingine. Mama akikuona ulivyo kazini, atakupenda mpaka basi." Yeye akabaki Phnom Penh, eti kazi zimembana. Kazi gani hizo za Jumapili, hakusema.

Harusi ilikuwa imepangwa baada ya mavuno. Mshenga alishapeleka vichane vya ndizi vya posa, mnajimu alishalinganisha miaka ya kuzaliwa ya bibi na bwana, na pande zote mbili zimekubali. Na hapo kwenye miaka ndipo palipokuwa na kidonda.

Ni hivi. Mshenga alichukua mwaka kwenye kitambulisho cha Chariya, akahesabu wanyama wa miaka kwenye vidole, akaishia kwa Sungura. Veasna ni mwaka wa Ng'ombe. Mnajimu akacheka akasema vizuri, wote wanakula majani, hawatagombana mezani. Hakuna aliyeuliza mwezi. Sasa Chariya kazaliwa mwezi wa Phalkun, Februari kuelekea Machi, na mnyama hamwachii mwenzake kiti mpaka Mwaka Mpya uingie katikati ya Aprili. Kwa maana hiyo, siku Chariya anatoka tumboni, aliyekuwa amekalia kiti bado ni Simbamarara.

Na mwanamke wa Simbamarara, ukimuuliza Mama Saroeun, anamla mume. Kwake hayo si maneno ya mtaani. Kaka yake wa kumfuata alioa Simbamarara, akaanguka kutoka kwenye paa la pagoda alilokuwa analikarabati, na mke akabaki na mimba. Tangu hapo mama yule hata paka mwenye milia hamruhusu uani.

Chariya alipomwambia Veasna kuhusu mwezi, Veasna alicheka. "Wachina wanabadilisha mnyama mapema. Kwa hesabu yao wewe ni Sungura. Si tuchague hesabu inayotufaa? Wewe nyamaza tu."

Akanyamaza. Tangu mvua za kwanza amenyamaza, na kunyamaza kwenyewe kulikuwa kumeanza kumnyima usingizi.

"Mwanangu, unaendesha kama dereva wa waziri," alisema Phally, mdomo umejaa mbegu za yungiyungi. "Veasna akishika usukani mimi nafumba macho naanza kusali."

"Phally, usimseme mwanangu," alisema Mama Saroeun.

"Simsemi yeye, dada. Nasema breki zake."

Chariya akacheka kidogo, kwa adabu, na kwenye kioo akayaona macho ya Mama Saroeun yakimtazama shingoni.

"Na wageni wanaume unawabeba peke yako?"

"Nawabeba, Mama. Wanakaa hapo hapo ulipokaa."

"Wakisumbua je?"

"Nawasimulia habari za wafalme mpaka wanasinzia."

Phally akacheka mpaka mbegu zikamwagika kwenye kiti. Mama Saroeun hakucheka, ila aliutoa mdomo kwenye kukunjamana, na kwa mama yule hilo si haba. Alinunua wali uliopikwa ndani ya mwanzi na sukari ya mti wa mvumo kijiji cha kwanza walichosimama, akambandulia Chariya mwanzi wake mwenyewe, akampa huku anaendesha. "Kula. Mwembamba mno wewe." Chariya akala, lakini sasa alikuwa anapendwa kwa jina la mnyama asiye wake.

Halafu ikaja kona ya Bibi Tep.

Kila dereva wa njia ile anamjua Bibi Tep. Ni mzimu wa msitu, na mwili wake ni sanamu ya jiwe ya kike iliyotoka kwenye hekalu, ya zamani hasa. Kichwa wezi walikikata enzi za vita. Wanakijiji wakamfinyangia kichwa kipya cha saruji, wakampaka midomo myekundu, wakamvisha skafu ya hariri, wakamjengea kibanda chake hapo konani. Ukifika unasimama. Dereva anashuka, anachoma ubani, anamwekea soda nyekundu na mrija wake, kisha anawataja aliowabeba: fulani, mtoto wa fulani, mwaka wa mnyama fulani, tunaomba njia. Mwisho anajitaja mwenyewe. Na unasema kwa sauti, kwa sababu masikio ya Bibi ni ya saruji na hayasikii vizuri.

Chariya hakuwahi kumpita. Hata siku ya mafuriko alishuka na mwavuli. Lakini leo dirisha la nyuma liko wazi, na ukisimama kibandani gari haliko mbali. Aseme Simbamarara, amekwisha. Aseme Sungura, hapo mbele ya Bibi Tep? Kuna mtu aliapa uongo pale kwa ajili ya nyati wa jirani, na mdomo wake mpaka leo umeelekea sikioni. Mguu ukaamua wenyewe. Ukakanyaga mafuta, na Chariya akapiga honi mara mbili kama anayemsalimia mtu kwa haraka, akapita.

"Unampigia nani honi?" aliuliza Mama Saroeun.

"Kuku, Mama. Alitaka kuvuka."

Beng Mealea ni hekalu ambalo msitu ulilikalia na haujaondoka mpaka leo. Mizizi imeshuka ukutani, mawe yamelaliana uani, na watu wanapita juu kwenye njia za mbao. Mama Saroeun alilipenda. Alishika kila mzizi, akauliza maswali mazuri, na kwenye mlango mmoja uliochongwa maua alisimama, akasema kwa sauti ndogo, "Veasna angekuja, angeona mke wake anavyojua mambo."

Ni kusikia "mke wake" au ni nini, Chariya hajui. Alichelewa kunyoosha mkono. Ubao wa ngazi ulikuwa umelowa, kiatu cha Mama Saroeun kikateleza, na mama akaenda chini upande upande. Kifundo cha mguu kikaanza kuvimba hapo hapo wanakiangalia.

Wakamshika huku na huku mpaka kivulini langoni. Phally akatoa pochini kikopo cha mafuta ya kuchua, kile chenye picha ya simbamarara kwenye kifuniko, akaanza kuusugua mguu wa dada yake, na Chariya akageuza uso asikione.

"Dada Chariya, leo vipi?" Alikuwa muuza miwa, mwanamke mwenye kofia pana, anasukuma toroli lake. "Nilikuwa kwa Bibi Tep nashusha miwa, nakuona unapita kama unafukuzwa. Nikasema leo kabeba mgonjwa."

Mkono wa Phally ukasimama juu ya mguu. Mama Saroeun akainua uso taratibu.

"Ulisema kuku."

Chariya akautazama mguu.

"Umenipitisha kwa mzimu wa njia bila kunitaja," alisema Mama Saroeun, "halafu ukasema kuku."

"Mama, mguu unavimba. Nikupeleke zahanati kwanza, iko Damdek."

"Damdek si njia ile ile?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi tutaanza kwa Bibi."

Wakageuza gari. Kwenye kona Chariya akasimamisha gari, Phally akanunua soda nyekundu kibanda cha jirani, na Mama Saroeun akateremka kwa mguu mmoja, kamshikilia mdogo wake bega. Chariya akapiga magoti, akawasha ubani, na ubani ukakataa kushika mpaka njiti ya tatu.

Akaanza kwa kunong'ona.

"Sema kwa sauti," alisema Mama Saroeun nyuma yake. "Aliyeumia ni mimi. Nataka kusikia unavyoniombea."

Basi Chariya akapaza sauti. "Bibi Tep, nimembeba Mama Saroeun wa Battambang, mwaka wa Mbuzi. Nimembeba Mama Phally, mdogo wake, mwaka wa Nyani. Na mimi ni Chariya, mtoto wa Heng wa Kampong Kdei, mwaka wa..."

Akakwama. Midomo myekundu ya saruji ilikuwa inamtazama. Kama midomo inaweza kumtazama mtu, basi ile ilimtazama.

"Mwaka wa Simbamarara," alisema. "Nilizaliwa Phalkun, Mwaka Mpya haujaingia. Nilikupita kwa sababu niliogopa kulisema hili mbele ya niliyembeba. Yeye hana kosa, mguu wake uachie. Kosa ni langu."

Lori la mihogo likasimama, dereva akashuka, akaona magoti na nyuso zilivyo, akaweka soda yake pembeni, akaomba njia chapuchapu na kuondoka.

"Veasna anajua?" aliuliza Mama Saroeun.

Chariya angeweza kumficha. Aliwaza hilo, kweli aliwaza. Lakini alikuwa bado kapiga magoti, ubani mkononi.

"Anajua, Mama."

"Mpigie. Weka sauti ya nje."

Simu ikalia kidogo tu ikapokelewa. "Mpenzi, vipi? Bi mkubwa kashalainika?"

"Bi mkubwa ndiye huyu anayeongea," alisema Mama Saroeun.

"Mama. Shikamoo, Mama. Mnaendeleaje na mahekalu?"

"Veasna, huyu binti ni mwaka gani hasa?"

Ilipita pumzi moja tu. "Si Sungura? Kwani mnajimu alisemaje?"

"Nakuuliza wewe."

"Sungura, Mama. Naapa. Nilimuuliza mwenyewe akaniambia Sungura. Kama kuna kingine basi kanidanganya na mimi pia, Mama, naapa kwa..."

Phally akaichomoa ile simu kwenye mkono wa Chariya, akaikata, akaificha ndani ya skafu yake kama kitu kinachowaka. Rangi imemtoka. "Dada. Ameapa hapa. Mbele ya Bibi. Mtoto hajui tumesimama wapi."

Chariya alikuwa hajaelewa bado hofu ilikohamia. Yeye alikuwa kwenye yale maneno, kanidanganya na mimi pia, anayasikia tena na tena, na jinsi yalivyotoka laini, bila hata kukohoa. Alikuwa amejiandaa kwa mengi siku ile. Kutupwa na Veasna hakukuwamo.

Alipogeuka, alimwona Mama Saroeun anashuka chini. Mguu mbovu umetangulia pembeni, mkono mmoja kwenye nguzo ya kibanda, anashuka, anapiga magoti kwenye vumbi kando yake.

"Mama, mguu," alisema Chariya.

"Niachie." Mama Saroeun akaunganisha viganja mbele ya paji la uso. "Bibi Tep, mimi ni Saroeun, mwaka wa Mbuzi. Niliyemsikia akiapa ni mwanangu, Veasna, mwaka wa Ng'ombe. Ana mdomo mwepesi tangu mdogo na mimi ndiye niliyekuwa namcheka. Usiuchukue mdomo wake. Usimshushe kutoka mahali popote pa juu. Nina huyo mmoja." Sauti ikamkatika hapo. Akabaki ameinama, mabega yanatikisika, na Phally kwa nyuma anajifuta pua na skafu ile ile yenye simu.

Chariya akagawanya ubani wake, akampa nusu. Mama Saroeun akaupokea bila kumtazama.

Wakampandisha garini wawili, mguu ukanyooshwa juu ya kiti na chini yake mkoba wa Phally. Phally akahamia mbele. Gari likaondoka taratibu, na kona ikabaki nyuma na soda zake nyekundu.

"Kwa mnajimu nitarudi," alisema Mama Saroeun. "Nitampa mwaka wako wa kweli, na mwezi. Akisema hapana, sitabishana naye. Nilimzika kaka yangu, mwanangu. Usije ukasema nilikuahidi kitu."

"Sitasema, Mama."

"Ungeniambia nyumbani kwangu, siku ile mshenga alipoleta mwaka wako, ningekufukuza."

"Najua, Mama."

"Ningekufukuza," alirudia, lakini kwa sauti ya mtu anayejisemea. Kisha akauliza, "Na wewe? Mnajimu akisema ndiyo?"

Chariya aliangalia barabara. Mashamba ya mpunga yalikuwa yameshaanza kugeuka rangi, mavuno hayo yanakuja. "Mimi leo asubuhi nilikuwa na jibu," alisema. "Sasa hivi sina."

Ndani ya skafu ya Phally simu ikaanza kulia. Phally akaitoa, akalitazama jina, akaishika hewani hajui ampe nani. Ililia ikakatika, ikaanza tena.

"Anaendesha," alisema Mama Saroeun kutoka nyuma. "Iache."

Phally akaiweka mapajani, uso wa kioo chini, na ikaendelea kutetemeka hapo mpaka paa la zahanati ya Damdek likaonekana.