Medali ya Mwalimu Kahongya

Medali ilikaa ndani ya kabati la kioo, katika jumba dogo la makumbusho huko Kimemi, Butembo. Kibandiko chake kilisema: "Ilifika mwezini, 1971." Watoto wa shule walipanga mstari kuiona.

Aliyeitoa kwa makumbusho alikuwa Mwalimu Kahongya, mzee wa miaka themanini na moja, aliyefundisha Manguredjipa na kubaki huko hadi vita vilipomfukuza. Padri mmoja mgeni alimpa medali hiyo alipokuwa mwalimu kijana, akisema ilifika mwezini. Kila Jumapili baada ya misa alisimama karibu na kabati, akawaeleza watu habari zake.

Mwaka huu Godelive, mtunzaji wa jumba, alituma picha za medali kwa makumbusho moja ya Ulaya. Wakamjibu kwamba zile wanaanga walizosafiri nazo mwezini zilichongwa namba ukingoni; nyingine ni za ukumbusho tu, zilitengenezwa kwa maelfu na kuuzwa. Godelive alipitisha lenzi ukingoni mara tatu. Hapakuwa na namba.

Jumapili alimpa mzee barua ile.

"Baba Mwalimu, hii médaille hapana kufika ku mwezi."

Kahongya alisoma yote, kidole kikifuata mistari.

"Padri alinidanganya?"

"Pengine na yeye balimudanganya."

"Donc, ni kusema, miaka makumi tano niko nadanganya batoto ya batu." Alivua kofia, akaketi. "Nipatie. Nirudishe ku nyumba."

Godelive alifungua kabati, akamwekea medali mkononi. Kisha akauliza ilivyofika Butembo.

"Kyakimwa, muke yangu, aliifunga mu kitambaa ya kichwa. Tulitembea siku ine mu pori. Masufuria aliacha. Hii, hapana."

"Juu ya nini hakuiacha?"

"Alisema, kule tunaenda hakuna mutu anatujua. Hii itasema mimi nilikuwa mwalimu."

Godelive alichukua kalamu na kibandiko kipya. Aliandika kwamba medali ni ya ukumbusho, haikuruka. Na kwamba Kyakimwa aliibeba kwa miguu kutoka Manguredjipa. Mzee alisoma, akairudisha medali kabatini mwenyewe, akaondoka bila kuaga.

Jumapili iliyofuata hakuja. Ile ya pili alikuja na mkewe. Kyakimwa alisomewa kibandiko mara mbili.

"Hamukuandika mvua ya mu pori," alisema, akaomba kiti aanze kusimulia.