Simu ya Fundi Cherehani

Binti alirudi kutoka chuoni amechoka hadi kope. Alikuwa akisomea utafiti wa wanaume wanaopiga wake zao: siku hii gerezani anawauliza waliofungwa walikuwa wakiwaza nini, siku ile anawasikiliza wake. Mama yake alizoea kumtania, "Wenzako wanasomea benki, wewe unasomea vipigo." Zamani binti alicheka. Siku hizi hata kucheka ilikuwa kazi.

Wanawake wale hawakutaka kuonekana chuoni, basi walikuja nyumbani, kitambaa kwapani, kama wateja wa mama, ambaye kweli alishona. Simu ndogo ya utafiti ilikaa kwenye droo ya cherehani, na sharti lilikuwa moja.

"Mama, akipiga mwanamume, hapa ni kwa fundi. Basi. Usiongeze hata chumvi."

"Mimi mtoto mdogo?"

Asubuhi iliyofuata alikuja mmoja, jicho limevimba. Alipotoka, mama alimsindikiza mpaka mlangoni, na mwanamke akamnong'oneza kwamba harudi tena kwa mumewe. Anakwenda kwa dada yake, nyuma ya shule. Watoto ameshawatanguliza.

Mchana binti alisinzia mezani akisikiliza aliyoyarekodi, vipokea sauti bado masikioni. Simu ikalia. Mama akaiwahi, mtoto apate kulala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Samahani kukusumbua. Nimeikuta namba hii kwa mke wangu. Ni wapi hapo?"

"Kwa fundi cherehani."

"Aa, ndiyo, alisema ana gauni. Mungu akubariki." Sauti ilikuwa laini, sauti ya mkwe ambaye kila mzazi angemwomba kwa Mungu. Kisha ikakatika kwa kilio. "Mama yangu, hajarudi toka asubuhi. Watoto pia siwaoni. Sijui wamegongwa na gari, sijui nini. Nimezunguka hospitali zote. Wewe ni mzazi..."

Mzazi aliyemo ndani ya fundi akaamka.

"Usilie, baba. Hawajagongwa na gari. Wako kwa dada mtu, wazima."

"Ahsante, mama." Simu ikakatwa. Machozi yalikuwa yamekauka upesi mno.

Binti alikuwa ameinua kichwa. "Umeongea na nani?"

Mama alieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyomgeuka mdomoni. "Lakini alikuwa analia, mwanangu. Aliniamkia vizuri."

"Wote wanaamkia vizuri, mama." Binti hakufoka, hakuwa na nguvu ya kufoka. Vidole vyake vilikuwa vinabonyeza namba ya dada mtu, aliyoachiwa asubuhi. "Kule gerezani wananipa kiti. Wananiuliza kama nimekula. Pokea, dada, pokea..."

Ilipokelewa. "Tokeni sasa hivi. Mlango wa nyuma. Acheni nguo."

Wakakaa wanaitazama simu. Mama alishika kitambaa asishone, alishika mkasi asikate. Majuto hayana posta ya kuyatuma. Jua lilishafika ukutani ndipo dada mtu alipopiga: mume alikuja, amevunja dirisha na sufuria zote, lakini amekuta nyumba tupu. Mdogo wake na watoto wako salama. Wapi, hasemi. "Na anasema msimtafute tena. Hata yule mama mwenye huruma."

Binti alivua vipokea sauti, akalaza kichwa pale pale mezani. Ushahidi wa yule mwanamke aliufuta, kama alivyoahidi kufanya mtu akijitoa kwenye utafiti. Mama alitaka kusema samahani. Neno likaonekana dogo, kama kiraka cha leso kwenye turubai.

Simu ikalia tena. Mama aliiangalia, akamwangalia binti, akapokea.

"Shikamoo, mama. Ni mimi tena. Sikuwakuta."

Tangu afundishwe kusema hakuwahi kuacha shikamoo ya mtu chini. Ulimi ulimwasha. Akaimeza marahaba.

"Mama? Mama yangu, unanisikia?"

"Hapa ni kwa fundi cherehani," alisema, akakata, akairudisha simu kwenye droo.