Petroli Sikioni mwa Bijou

Vita vilipomshusha Abigaïl kutoka milima ya Rurambo hadi Kalundu, kando ya ziwa, alikuja na Bijou, kijibwa chake chenye manyoya mengi. Kila alipomwogesha alimkausha masikio kwa kitambaa laini, maana maji yakibaki ndani ya nywele zile, sikio huvimba na kunuka.

Mchana mmoja alirudi kutoka sokoni akamkuta Bijou analia na kutikisa kichwa. Shemeji yake Semana alikuwa ameshika chupa ya petroli ya taa.

"Iko anajikuna toka asubuhi," Semana alisema. "Nimemutilia dawa mu sikio."

"Dawa? Hii ni moto! Nani alikutuma?"

"Watu wanakufa, weye unalilia mbwa?"

"Wanakufa, ndiyo! Na minye nimechoka kuona kila mwenye nguvu anaumiza ule hana!"

Akamnyang'anya chupa na kuimwaga nje yote. Daktari wa mifugo aliliosha sikio lile, lakini Bijou hakusikia tena upande huo. Semana alipokuja kuomba radhi, Abigaïl aliendelea kuanika samaki wadogo wa ndagala, bila kumwangalia.

"Muombe yeye," alisema, akimnyoshea Bijou kidole.