Wanaomsubiri Shemeji

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa mbili asubuhi, Chapchap alisimama kwenye dirisha la stoo ya gazeti akasaini kamera mbili. Ya kwanza ilikuwa yake: bodi, yaani kamera bila lenzi, inayopiga fremu, yaani picha, ishirini kwa sekunde, pamoja na lenzi ya milimita mia tatu, ndefu na nzito, inayotaka kuegemezwa kwenye mguu wa chuma ili bega lisikatike. Ya pili ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe: bodi kuukuu iliyobanduka ngozi, fremu nne kwa sekunde siku ikiamka vizuri, na lenzi ambayo injini yake ya kulenga ilikufa zamani, hivyo inazungushwa kwa mkono. Mtunza stoo aligeuza daftari, Chapchap akatia saini mara mbili, na kwa saini hizo picha zote za siku hiyo zikawa zake.

Huo ndio ulikuwa utaratibu. Picha ni ya aliyesaini kamera. Wenye ajira husaini, vibarua hubeba. Utaratibu uliwekwa enzi ambazo kamera ziliibwa mno, ili ajulikane wa kukamatwa, na wezi walipoacha hakuna aliyekumbuka kuuondoa. Shemeji alikuwa kibarua kwa mwaka wa saba. Ofisi nzima ilimwita Shemeji, hata Mhariri wa Picha ambaye hakuwa na undugu naye wa karibu wala wa mbali, kwa kuwa ndivyo Chapchap alivyomtambulisha siku alipomleta. Siku hiyo Chapchap alijiona mtu mkubwa sana.

Uwanjani walikaa nyuma ya goli, yeye kulia, Shemeji kushoto. Dakika ya thelathini na moja mshambuliaji aliachia shuti. Kipa wa timu ya wageni akaruka, akabaki hukohuko juu. Mwili wake ulikuwa umenyooka usawa wa kifua cha mtu, vidole vinaugusa mpira, na mpira nao umetulia. Shemeji alikuwa bado anazungusha lenzi. Aliona jua linampiga kipa usoni vibaya, akahama hatua mbili, akapiga goti, akaanza kuzungusha upya. Mwamuzi alitazama saa yake, kwa sababu muda huo ni lazima ufidiwe. Jukwaani watu walipata nafasi ya kunywa maji na kupokea simu. Shemeji alipobonyeza, mara moja tu, kipa alianguka, mpira ukaingia, na uwanja ukalipuka kwa kelele.

Mambo yalikuwa hivyo tangu mwaka uliopita. Alianza mrukaji mmoja wa mbio za viunzi, wakafuata mabondia, kisha hata farasi wa mashindano. Waliolalamika walilalamikia vitu vidogo, kama jasho kuingia machoni, au nzi kumtua mtu puani wakati mikono yote iko kazini.

Chapchap naye alikuwa amepiga. Muda wote kipa alipokuwa juu alimpiga fremu mia tatu na kumi, safi kiasi kwamba ungeweza kuhesabu kope. Lakini picha zake zilionyesha mtu aliyening'inia, kama koti kwenye msumari. Ile moja ya Shemeji ilionyesha mtu anayeruka. Jumapili ilijaza ukurasa mzima wa nyuma, na chini yake, kwa herufi ndogo, lilikuwapo jina la Chapchap.

Mkewe aliikata, akaibandika sebuleni pamoja na nyingine kumi na tatu. Jirani aliyekuja kuazima pasi alisimama kuitazama.

"Hii kapiga mdogo wangu," mke alimwambia.

"Jina hapo ni langu," Chapchap alisema kutoka mezani.

"Jina naliona. Macho si ninayo?"

Jirani alisema picha ni nzuri sana, akachukua pasi yake ya kuazima, akaenda zake.

Chapchap alikuwa na wivu, tena wivu wa aina ngumu kuliko zote, maana hauna wa kushtakiwa. Utamwendea nani? Utasema nini, kwamba umechukua jina, umechukua mshahara, umechukua lenzi kubwa, na bado umedhulumiwa? Alisukuma sahani, akasema viungo vimezidi. Havikuzidi.

Usiku hakulala vizuri, na hadi asubuhi alikuwa ameamua kwamba siri iko kwenye vifaa. Kamera kuukuu huwa na mambo yake. Labda ule uzito wa ile pete ya lenzi, labda kile kioo kilichokwaruzika. Jumamosi iliyofuata, wakiwa uwanja wa riadha, alimnyooshea Shemeji kamera yake.

"Leo tubadilishane."

"Utahangaika, shem. Hiyo lenzi inakwama ikifika mita kumi."

"Nipe tu. Mimi nilipiga kwa mkono kabla hujazaliwa."

Haikuwa kweli, lakini Shemeji alimpa. Fainali ya viunzi ilipoanza, wanawake wanane walipita mbele ya Chapchap kama walioitwa nyumbani kwa msiba. Alipata picha sita za ukungu, mbili za nyasi, na moja ya kiatu chake mwenyewe. Mita chache mbele, mbele ya Shemeji, wote wanane walisimama hewani juu ya kiunzi cha saba. Hawakukaa sana, kwa kuwa lenzi kubwa ilizitafuta nyuso haraka. Baada ya mbio, aliyeshika nafasi ya pili alikuja kumpa Shemeji mkono, akamshukuru kwamba leo miguu haikufa ganzi.

Wiki ile yule kipa alirudi mjini kwa mchezo mwingine. Chapchap alimngoja kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo.

"Kaka, nikuulize. Mbona mimi hunisubiri?"

Kipa alikuwa akifungua kamba za viatu. Alifikiri kwa uaminifu kabisa.

"Sijui, kaka. Nikirukia upande wako najikuta nimeshafika chini. Upande wa yule dada naona hakuna haraka."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu. Samahani kama nimekukwaza."

Hajamkwaza, Chapchap alisema, huku meno yameumana.

Jumatatu Mhariri alimwita ofisini. Mambo yalikuwa mawili. La kwanza, gazeti linanunua kamera moja mpya ya michezo ya kasi, na atakayeisaini ndiye atakayesafiri nayo kwenye mashindano makubwa. Nafasi ni ya mtu mmoja. La pili, imepatikana ajira moja.

"Nimemfikiria Shemeji," Mhariri alisema, akamsukumia fomu. "Msimamizi wake ni wewe. Ukitia saini hapo, ataanza kusaini kamera mwenyewe. Mwisho Ijumaa."

"Nitaiangalia," Chapchap alisema. Aliikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati.

Shemeji alijua. Katika ofisi ile hata mtungi wa maji ulijua. Hakumuuliza. Alimletea chai Jumanne, Jumatano na Alhamisi, kama alivyomletea kwa miaka saba, na kila kikombe Chapchap alikipokea akihisi anahongwa. Kisha aliona aibu kwa kuhisi hivyo, kisha akamchukia kwa kumtia aibu.

Ijumaa kamera mbili za majaribio zililetwa na wauzaji, na Chapchap akazisaini. Walitoka kwenda ua wa nyuma, penye marobota ya karatasi za kuchapia, ili mtu aruke na Shemeji apige, wachague. Aliyepangwa kuruka alikuwa dereva, lakini dereva alikumbuka goti lake.

"Nitaruka mimi," Chapchap alisema.

Alitaka waone wenyewe. Mtu wa miaka arobaini na saba, mwenye kitambi, akiruka ataanguka, na hapo yaishe maneno kwamba watu humsubiri Shemeji. Alipanda robota la tatu, akavuta suruali, akaruka. Alitegemea kutua. Hakutua.

Juu kulikuwa na upepo kidogo. Aliona paa la stoo na tairi lililotupwa juu yake, aliona kipara cha Mhariri kutoka upande ambao mwenyewe Mhariri hajawahi kukiona. Chini yake Shemeji alikuwa na kamera ya kwanza, nyepesi, fremu arobaini kwa sekunde, na lenzi ya kuvuta karibu, ya milimita sabini hadi mia mbili.

"Hii ina mbio," Shemeji alisema, "ila inapenda ukuta. Inamwacha mtu inakwenda kulenga matofali."

Mhariri aliandika.

"Shem, vumilia kidogo, nachukua ile nyingine."

"Chukua," Chapchap alisema.

Ya pili ilikuwa nzito, fremu kumi na nne tu, lenzi ya mia nne. Shemeji alirudi nyuma hatua kwa hatua, akampita dereva, akampita mtunza stoo aliyekuwa akigawa chai, akafika getini. Huko akasimama, akainua lenzi, akamtazama.

Chapchap alikuwa amepiga picha kwa miaka ishirini na mitano na hajawahi kukaa mbele ya jicho kama lile. Lilimpitia polepole, viatu, kitambi, mikono iliyotanuka, uso, bila kucheka na bila kumwonea huruma. Fomu ilikuwa mfukoni mwake na Shemeji alijua imo, lakini katika jicho lile fomu haikuwamo. Alikuwamo yeye peke yake, mzima. Alielewa kwa nini mtu angekaa hewani kwa ajili hiyo hata akitembelewa na nzi. Machozi yalimlenga. Na palepale, badala ya shukrani, wivu ukamrudia, safari hii dhidi ya makipa, mabondia, wale wanawake wanane, hata farasi. Kila wiki wamekuwa wakipewa kitu hiki, naye yuko mita sita pembeni, anakusanya fremu.

"Chapchap," Mhariri aliita, kikombe mkononi, "ile fomu mwisho leo."

"Nikishuka."

Getini Shemeji alisikia. Hakuharakisha. Alisogea kushoto nusu hatua, akaliondoa tairi kwenye picha, akabonyeza mara moja.

Chapchap aliangukia maboksi matupu yaliyokuwa chini ya marobota, akasimama, akajikung'uta magoti. Walikubaliana kuchukua nzito. Saa kumi na moja jioni aliweka fomu mezani kwa Mhariri ikiwa haina saini.

"Bado hajaiva," alisema, kwa sauti ya mtu anayechagua rangi ya pazia. "Tumpe mwaka mmoja zaidi."

Mhariri alisema sawa, akaitia fomu kwenye droo.

Jumapili picha ilitoka ukurasa mzima, na habari kwamba gazeti limepata vifaa vya kisasa. Mwanaume mnene alikuwa hewani juu ya ua wa karatasi, mikono wazi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia jina lake likiitwa kwa upole. Chini, kama daftari lilivyoonyesha, iliandikwa kwamba aliyepiga ni Chapchap. Hakuna msomaji aliyepiga simu kuuliza.

Mchana Shemeji alikuja kula kwa dada yake. Mke aliliweka gazeti katikati ya meza.

"Huyu wa hewani ni wewe," alimwambia mumewe.

"Ni mimi."

"Na aliyekupiga ni wewe."

"Ndivyo ilivyosainiwa."

Mke alimgeukia mdogo wake. Shemeji alikuwa akitafuna, macho kwenye picha, kichwa kimeinama kidogo upande.

"Katoka vizuri," alisema. Kisha kwa Chapchap: "Ila shem, ukienda nayo huko mashindanoni, mia nne haitaki ukaribu. Ukisogea itakukatia watu miguu. Kaa mbali."

"Mbali kiasi gani?"

"Pale getini nilihesabu hatua arobaini."

Chapchap alitoa kalamu, akaandika arobaini kwenye kiganja chake, asije akasahau.